Shangazi wa Chumba 417

Jumatatu, 3 Juni

Nimeshinda meli, Kifungo! Sio meli yenyewe, safari ya meli, siku kumi na nne, kula na kulala, na meli niliyoichagua ni yako!

Haya, sasa tusalimiane. Najua umeshatamka shikamoo huko uliko, nami naitikia: marahaba, mwanangu. Hujambo? Mimi sijambo kabisa, na ungeniona leo ungesema huyu mama kapungua miaka kumi.

Ni lile shindano la sabuni la redioni. Nilituma karatasi za sabuni arobaini na moja, na kumi kati ya hizo ni za mama yako mkubwa, ila hajui, maana nilizichukua bafuni kwake. Jana mchana niko kwenye cherehani, nageuza kola ya shati la mwalimu mkuu, mara redio inataja jina langu. Nikakanyaga pedali, sindano ikapita kwenye kucha. Sikusikia maumivu, nakuambia! Nikatoka nje kidole kinavuja damu, napiga kelele, muuza magazeti akaacha meza yake akaja mbio, "Fundi, kuna nini?" Nikamwambia, kuna nini tena, naenda kumwona ofisa wangu!

Leo bwana wa sabuni kaja na karatasi yenye picha za meli tatu. Akaanza kunisifia ya kwanza, oh ina bwawa la kuogelea, oh ina sinema. Nikamwambia, baba, usijichoshe, ipo hapo ile aliyomo mwanangu? Akasoma majina. Ipo! Akaniuliza, mwanao ni nani humo? Nikamjibu, ofisa. Ofisa wa nini? Ofisa wa meli, wa nini tena, wa baiskeli? Akacheka, akaniandikia.

Miaka sita, Kifungo. Uliondoka na shingo nyembamba, kola zote zinakupwaya. Lile shati jeupe uliloniandikia, la vifungo vya dhahabu, nataka nilione kwa macho yangu nikague walivyoshona mabega. Hapa mtaani kila mtu anajua. Mwalimu mkuu siku hizi ananisalimia kwa kusimama. Yule mama wa duka la dawa, aliyesema mtoto aliyemeza kifungo akiwa na miaka mitatu hawezi kuwa na akili, sasa ananiuliza kama kuna nafasi huko kwa binti yake. Nimemwambia nitakuuliza. Sikuulizi. Mwache asubiri.

Sitaki makubwa. Nataka saa moja tu, tukae meza moja mimi na wewe, chai katikati, unieleze kazi yako huku nakuangalia unavyoongea. Saa moja. Siku nyingine zote nitaangalia maji.

Mama yako mkubwa atakuja kulinda nyumba na cherehani. Ameshaanza kulalamika, kwa hiyo najua atakuja.

Tunapanda tarehe 22 Julai. Andika upesi uniambie nivae nini.

Mama yako,
Fundi mshindi


Jumatano, 19 Juni

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeikuta bandarini. Hongera sana, unastahili.

Lakini kabla hujaanza kupiga pasi nguo za safari, naomba unisikilize. Meli hii haikifai kifua chako. Humu watu wanavuta sigara. Wanavuta kwenye sitaha, wanavuta kwenye varanda za vyumba vyao, na upo ukumbi mzima uliotengwa kwa ajili yao tu. Moshi unapanda ngazi, unapita kwenye matundu ya viyoyozi. Unakumbuka siku nilipomaliza shule, mzazi mmoja akavuta sigara viti viwili mbele yako, sherehe tukaimalizia zahanati? Yule alikuwa mtu mmoja, sigara moja, uwanjani penye upepo. Hapa wapo mamia. Na ukibanwa tukiwa katikati ya maji, hakuna pa kukukimbiza.

Mwombe bwana wa sabuni akubadilishie. Chukua hata hoteli. Halafu kazi zimenisonga, Mama, hata ukija hatutaonana sana.

Mwakani nakuja nyumbani. Nakuahidi.

Mwanao,
Kifungo


Jumatatu, 1 Julai

Mwanangu Kifungo,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wateja watatu. Nikawaambia, mnasikia mtoto huyo? Ofisa mzima, na mambo yote aliyonayo, bado anakumbuka kifua cha mama yake! Mmoja alitoa leso.

Sasa majibu. Moja, nakuja. Mbili, "mwakani nakuja" umeshaniandikia mara tano, barua zote ninazo kwenye kopo la nyuzi. Tatu, daktari amenipima, kasema aleji yangu ya moshi haijapona wala haitapona, lakini kanipa dawa za kupuliza mdomoni makopo mawili na akaniambia niombe chumba mbali na wavutaji. Bwana wa sabuni ameandika hilo kwenye fomu, kwa herufi kubwa.

Usinitishe na moshi, baba. Nimeishi na marehemu baba yako miaka kumi na mmoja, naye alivuta mpaka masharubu yakawa ya manjano. Nilimwambia, sigara mlangoni, wewe ndani, chagua. Alikuwa akinisimulia habari za kazini kwake akiwa nje dirishani. Moshi haujawahi kunizuia kuonana na mtu ninayempenda. Wengi nisiowapenda ndio umeniepusha nao.

Nimeshona gauni la bluu. Usiniaibishe, uwe umenyoa.

Mama yako


Jumatatu, 22 Julai
(barua iliyoachwa juu ya mto, chumba 417)

Shikamoo Mama, karibu,

Tafadhali isome hii kabla hujazungumza na mtu yeyote.

Humu kuna kanuni kali. Wafanyakazi hatuingii vyumba vya wageni, wala hatukai nao meza moja. Wageni nao hawashuki sitaha za chini tunakolala. Na mfanyakazi haruhusiwi kusafiri na mzazi wake. Kwa hiyo ukiulizwa, wewe ni shangazi yangu. Jina la ukoo linafanana, hawatashangaa. Nakusihi, Mama, usisahau hata kwa bahati mbaya. Shangazi.

Mimi niko sitaha ya tano, ukumbi wa wavutaji. Usije huko. Hata mlangoni usifike. Ukitaka kuniandikia, mpe mhudumu wa chumba chako, yule mama mnene anayekunja mataulo yawe ndege. Sisi tunamwita Bi Taulo. Anaaminika.

Mwanao,
Kifungo


Jumanne, 23 Julai

Mwanangu,

Una bahati sana. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila mtu kuanzia ngazini, mimi ni mama yake nani. Lakini pale pa kupandia palikuwa na wazee wawili wanamalizia sigara zao kabla ya kuingia, kifua kikabana, nikafika chumbani nimefunga mdomo kwa leso kama niliyefiwa. Sikumwambia mtu hata neno. Nimekaa kitandani, nimepuliza dawa mara mbili, ndipo nikaona barua yako.

Haya, shangazi. Sijapenda, lakini kanuni ni kanuni, na sitaki upate matatizo kazini kwa ajili yangu. Mtoto wa pekee, nimemzaa mwenyewe kwa uchungu wa siku mbili, leo mimi ni shangazi! Nimecheka peke yangu.

Ila niambie, ofisa gani anawekwa kwenye moshi? Nimelifikiria usiku kucha, nikalielewa. Ukumbi ule una watu wazito, wenye sigara nene, kwa hiyo wakatafuta anayeaminika. Sawa.

Nimeshaijua meli kwa pua. Upande wa kushoto siupiti, varanda zote zinafuka. Ngazi ya kati siipandi, moshi wa huko kwako unaipanda kabla yangu. Jirani yangu wa 419 anavuta anapoamka na baada ya kila mlo, basi nalowesha taulo naliziba chini ya mlango. Nilienda mapokezi nikamwambia kijana, fomu yangu ina herufi kubwa. Akasema, "Mama, varanda ni haki yao." Nikamuuliza, na mapafu ni haki ya nani? Akanipa ramani ya meli.

Sehemu moja tu ni safi: sitaha ya juu kabisa, mbele kule, upepo unapotokea baharini. Kuna benchi la bluu. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa hapo. Hatukai meza moja, sawa, simama tu kama unakagua kamba, mimi nitaangalia maji. Tutaongea hivyo hivyo.

Shangazi yako (hahaha)


Jumatano, 24 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Naandika mapema ili barua hii uikute bandari ya pili, kama bwana wa sabuni alivyoelekeza. Nyumba haijaungua. Cherehani yako inakoroma kama mlevi, nimeitia mafuta ikanyamaza. Karatasi za sabuni nimezisikia habari zake, jirani kasema, tutazungumza ukirudi.

Watu hawaishi barazani. Mwalimu mkuu anauliza Kifungo ana nyota ngapi begani. Mama wa duka la dawa kaleta vyeti vya binti yake, nimeviweka juu ya kabati. Nimechoka kujibu mambo nisiyoyajua. Hivi, nani alisema ofisa kwanza? Ni yeye au ni wewe? Maana nakufahamu. Mimi nikipika maharage wewe ukienda kusimulia yanakuwa karamu.

Kuna jambo nilikuficha. Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, muuza magazeti aliniambia kamwona kijana amekaa kwenye benchi pale stendi, begi miguuni, akaapa ni Kifungo. Akamwita, "Ofisa!" Yule kijana akanyanyuka, akapanda basi la kurudi alikotoka. Nikamwambia muuza magazeti avae miwani. Sikukwambia kwa kuwa ungekimbilia stendi na hiyo hiyo futi ya kupimia shingoni.

Sasa umemwona kwa macho. Muulize. Halafu uniandikie ukweli, sio karamu.

Dada yako


Ijumaa, 26 Julai

Dada yangu mpendwa,

Weee, ungejua! Nakuandikia nikiwa nimeegemea kiti cha ngozi, chini kapeti, juu taa kama vitunguu. Asubuhi naletewa matunda yaliyokatwa kama maua, hata sijui niyale au niyatie kwenye chombo.

Kifungo hajambo, anakusalimu sana. Amejaa mwili, ananikumbusha baba alivyokuwa ujanani. Tumeshakunywa chai pamoja mara mbili. Jana tumekaa sitaha ya juu, benchi la bluu, kila anayepita anampigia saluti. Akanieleza kazi yake mwanzo hadi mwisho, mengi sikuyaelewa, lakini alivyoyaeleza! Vifungo vinang'aa mpaka nikafumba macho. Mabega wameshona vizuri, ila mimi ningeongeza pamba kidogo. Waambie watu hivyo. Mwalimu mkuu mwambie nyota ni tatu.

Kuna moshi wa sigara kidogo, nisikufiche. Nimebuni mbinu. Nakula saa kumi na mbili kamili asubuhi wengine wakiwa bado wamelala, meza iliyo karibu na mlango wa upepo. Kwenye lifti nabana pumzi, nimefikia sitaha mbili bila kuvuta hewa. Na nimechukua shimizi langu la pamba, nimelikunja safu nne, naishona barakoa kwa mkono, mishono midogo midogo, ikimalizika hata jivu halipiti. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nakuandikia kwa ufupi, Kifungo atakuja sasa hivi kunichukua anionyeshe usukani.

Mdogo wako mwenye raha zake


Jumatano, 31 Julai
(kutoka zahanati ya meli)

Kifungo,

Siulizi hujambo.

Nilikusubiri kwenye benchi la bluu Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Saa nne mpaka saa sita. Siku ya tatu mfagiaji wa sitaha alianza kuniletea maji bila kuombwa. Nilimwandikia mama yako mkubwa kwamba tunakunywa chai. Mara mbili, nilisema. Nilimdanganya dada yangu wa damu nikiwa nimekaa peke yangu, natazama kikombe kimoja.

Jumatatu nikasema basi, kama mtoto haji kwenye upepo, mama ataingia kwenye moshi. Nikavaa barakoa yangu, nikapuliza dawa kabla, nikabana pumzi, nikasukuma ule mlango wa kioo. Unajua nilichokiona. Lakini nataka ukisome kwa mwandiko wangu. Nilikuona umepiga magoti kwenye kapeti, una aproni ya kijivu, unafuta majivu kwa kitambaa, ndoo pembeni. Mzee mmoja akakupigia vidole, paa paa, kama anayemwita paka. Ukasimama, ukamletea kisahani kingine cha majivu. Ukageuka. Ukanitazama machoni.

Ukasema, "Bibi, ukumbi huu ni wa wavutaji peke yao. Tafadhali toka."

Bibi! Hata shangazi sikuwa.

Nilitoka, sikufika mbali. Nasikia niliangukia ngazi ya kati. Daktari kanitia bomba la hewa puani siku mbili. Hukuja. Bi Taulo ndiye aliyekuja, kanikunjia ndege kwa shuka la wagonjwa, kakaa kitandani kwangu, kanishika mkono. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, usije ukasema nimeongeza chumvi.

Akasema, "Pole, shangazi. Ukoo wenu mna vifua vibaya. Hata wifi yako alikwenda hivi hivi."

Nikamuuliza, wifi yangu yupi?

"Mama yake Kifungo, jamani. Mwaka juzi Septemba. Si kifua kilimuua? Tulimlilia humu ndani! Msimamizi wake mwenyewe aliongoza sala. Tuliandika kadi, watu sitini wakatia sahihi. Akapewa siku kumi akazike."

Halafu nikamuuliza, je, wifi alizikwa vizuri?

Akasema, "Kifungo alitusimulia. Mtaa mzima ulijaa. Hata mwalimu mkuu alisimama akalia."

Angalau hapo ulimkumbuka mama yako alivyo. Hukunipa mazishi madogo.

Kwa hiyo hakuna kanuni ya wazazi. Nimewahi kusikia mtoto akimkana mama. Sijasikia anayemzika akiwa na pumzi zake, tena pumzi zenyewe za kuhesabu. Na ukachagua kifua. Magonjwa yote yaliyopo duniani, ukachagua kifua changu.

Siku zile kumi ulikuwa wapi? Kuna mtu alikuona stendi.

Mama yako, ambaye yu hai


Alhamisi, 1 Agosti

Mama,

Sina haki ya kuandika shikamoo, lakini naiandika. Shikamoo.

Ni kweli yote. Sitapunguza hata moja.

Mkataba wetu ni miezi kumi na haukatwi kwa lolote isipokuwa kifo cha mzazi. Nilikuwa nimechoka, Mama. Nilikuwa nakohoa asubuhi, mimi ambaye sijawahi kutia sigara mdomoni. Nikasema maneno manne tu kwa msimamizi, na yakishatoka hayarudi. Nilikusudia nikifika nyumbani nikwambie, tucheke, unipige kibao yaishe.

Nilifika stendi. Nilikaa kwenye benchi. Begi langu lilinuka moshi. Nywele zilinuka. Nilikuwa nimefua kila nguo mara tatu na bado zilinuka, maana moshi ule umeniingia kwenye ngozi. Nikafikiri, akinikumbatia atabanwa. Akibanwa atajua ninakotoka. Nilikuwa bado nalifikiria hilo ndipo muuza magazeti akaniita "Ofisa!" kwa sauti, abiria wote wakageuka. Nikapanda basi. Siku zilizobaki nililala kwenye chumba cha kupanga karibu na bandari. Nililala tu, Mama. Sikufanya kitu kingine.

Sikuwahi kuandika neno ofisa. Niliandika nimepata kazi melini. Wewe ukajibu kwamba umeshawaambia watu mwanao ni ofisa. Niliandika mara ya pili, kwa upole, kwamba mimi ni mfanyakazi wa kawaida. Ukajibu, "Unyenyekevu wako ndio utakaokufikisha mbali." Barua hiyo ninayo. Baada ya hapo nikaona nikupe unachotaka. Shati jeupe na vifungo vya dhahabu nilivitunga mimi. Hilo ni langu, silikimbii.

Jumatatu nilikutambua kabla hujafika katikati ya ukumbi. Nilikutambua kwa mishono ya ile barakoa. Hakuna mwingine anayeshona hivyo. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, yule yule aliyekuombea. Nilisema utoke. Nimejiuliza siku tatu kama nilitaka kukiokoa kifua chako au kujiokoa mimi. Sijui. Ningekwambia ni kifua, lakini ni uongo mwingine.

Nilikuja zahanati mara moja, nikasimama nje ya mlango. Nilikuwa nimetoka kazini na nguo zangu zile. Nilikusikia unakoroma na bomba. Nikarudi.

Sijui nifanye nini.

Kifungo


Jumapili, 4 Agosti

Kifungo,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nakasirika mahali tofauti. Leo nimekasirikia pale pa stendi. Ulikaa muda gani kwenye lile benchi? Mimi nilikuwa nyumbani, mwendo wa dakika ishirini, nashona suruali za watoto wa watu. Ningekufa kwa kubanwa mikononi mwako siku ile, angalau msimamizi wako angekuwa ameomba sala ya kweli.

Ile barua ya unyenyekevu nakumbuka. Niliiandika nikiwa na wateja mbele yangu, nikawasomea wakapiga makofi. Ndivyo nilivyo. Niliposikia mwanangu yuko melini, sikuweza kumwacha chini kwenye meli. Nilikupandisha mwenyewe, ngazi kwa ngazi, na kila uliposema Mama nishushe, nikakupandisha nyingine. Hilo na mimi ni langu. Lakini mimi nilikukuza, wewe ulinizika. Havilingani, na sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Sijakusamehe.

Bi Taulo sikumwambia. Nimemuaga kama shangazi, amelia, kanipa salamu niziweke kwenye kaburi la wifi. Nimezipokea. Kesho nitateremka hii meli nikiwa shangazi mpaka ngazi ya mwisho, kazi yako isiharibike. Nitapita upande wa kulia, usiwe na shida ya kujificha.

Jambo moja amenieleza bila kujua ananieleza nini. Amesema kesho meli inaingia gatini kupakwa rangi, na wote mnapewa siku kumi. Hukulitaja. Kwa hiyo safari hii huna haja ya kumuua mtu.

Nimemwandikia mama yako mkubwa, barua inatangulia. Nimemwambia chai haikuwepo, nyota hazikuwepo, usukani sijauona. Nimemwambia ampe yule mama wa duka la dawa vyeti vyake. Na nimemwambia awaite watu waje barazani kwangu. Nitasimama mbele yao, mimi niliyewajaza maneno miaka sita, niwaambie mwanangu anasafisha majivu ya sigara za watu, amepiga magoti, kwenye ukumbi ambao mimi sikumaliza dakika nne na yeye amemaliza miaka sita. Wakitaka kucheka watacheka. Wakishamaliza kucheka, hutakuwa tena na ofisa wa kumwogopa pale stendi.

Sikulazimishi. Ukija, njoo na nguo hizo hizo. Nitakaa upande unaotokea upepo, wewe kaa mbali, tutaongea kwa kupaza sauti, watu wasikie.

Wote uliowajaza kwenye mazishi yangu nimewaita, mwalimu mkuu na muuza magazeti na mtaa mzima. Ni Jumapili, tarehe kumi na moja Agosti, saa tisa alasiri.

Mama